Nani aliandika amri hii kwenye kompyuta yangu?

NA MWANDISHI WETU

Kompyuta ikikataa kazi, dawa ya kwanza inayotajwa mjini Nakuru ni kuipiga fomati. Lakini mara nyingi mashine haijaharibika. Inatii amri ambayo mwenyewe hajui iliingia lini wala kwa mkono wa nani.

Ni Jumamosi ya mwisho ya Juni, saa nne asubuhi, na ngazi za jengo moja nyuma ya barabara ya Kenyatta Avenue jijini Nakuru hazipitiki. Foleni inaanzia kwenye mlango wa saiba iliyo orofa ya kwanza na kuteremka hadi kwa muuza mitumba chini. Wote wanakimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA.

Kwenye kompyuta ya tatu ameketi mwalimu kutoka Njoro. Kando na mshahara ana saluni, kwa hivyo njia fupi ya mtandaoni ya wenye mshahara pekee haimfai. Anahitaji fomu ya Excel inayopakuliwa kutoka iTax, tovuti ya KRA, ikajazwa, ikahakikiwa, kisha ikapakiwa tena.

Faili imefunguka vizuri. Ila kila kitufe anachobonyeza ni kimya. Juu ya jedwali umetanda ukanda mwekundu unaosema Microsoft imezuia makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) kwa sababu chanzo cha faili hii hakiaminiki.

"Mwalimu, hii mashine imekataa," anasema kijana wa saiba.

"Mwaka jana nilifanyia papa hapa, kwenye kiti hiki hiki," mwalimu anamjibu.

Sentensi hiyo ilibeba jibu lote, lakini foleni ilikuwa ndefu na hakuna aliyeisikiliza. Kijana alinakili faili kwenye flashi, akamhamishia kompyuta ya tano, na huko fomu ikaitika. Foleni ikatoa hukumu yake: ya tatu ni mbovu, ipigwe fomati.

Kibandiko kisichoonekana

Windows ina tabia moja ambayo wachache wameigundua. Faili ikipakuliwa kutoka intaneti, mfumo huibandika alama ndogo iliyofichwa nyuma yake, yenye tarakimu ya kueleza ilikotoka. Tatu maana yake ni intaneti. Faili ya zip ikifunguliwa na Windows yenyewe, alama huhamia kwa kila kilichokuwa ndani.

Kwa miaka mingi Excel iliiona alama hiyo na kuuliza tu. Ulitokea ukanda wa manjano, ukabonyeza kitufe kimoja, makro zikawaka. Februari 2022 Microsoft ikatangaza kwamba kitufe hicho kitaondolewa kwa faili za kutoka intaneti. Julai ikasitisha mpango huo kwa sababu ya maoni ya watumiaji, na kabla mwezi haujaisha ikaurejesha. Tangu hapo ukanda ni mwekundu, na hauna kitufe cha kuruhusu.

Sababu yao ilikuwa nzito. Makro zimebeba virusi tangu zamani. Melissa, Machi 1999, ilisafiri ndani ya hati ya Word, na Emotet ilipofufuka mwishoni mwa 2021 ilipitia Excel. Kwa upande mwingine, fomu ya iTax imejengwa juu ya makro, na haiendi popote zisipowashwa. Mwalimu wa Njoro alikuwa ameketi katikati ya amri mbili, na kila moja ilikuwa na haki yake.

Mwaka jana je? Mwenye saiba alikumbuka baadaye kwamba mwezi wa Aprili alikuwa ameweka Office mpya kwenye mashine ya tatu. Hakuandika popote, na kufikia Juni hakuna aliyekuwa na habari.

Na kompyuta ya tano? Flashi nyingi zimeundwa kwa mtindo wa FAT32, ambao hauna mahali pa kuhifadhi kile kibandiko. Faili ilipopitia kwenye flashi ilivuliwa alama yake njiani, ikafika upande wa pili kama faili iliyozaliwa pale pale.

> Mashine zote mbili zilikuwa nzima. Kilichotofautiana ni njia iliyopitiwa na faili.

Fundi wa orofa ya chini, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ndiye aliyeokoa kompyuta ya tatu. Aliibofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akafungua sifa zake, akateremka hadi chini kabisa na kutia alama kwenye kisanduku kidogo cha kuondoa kizuizi. Akaifungua upya. Dakika mbili hazikuisha.

Alichokataa kukifanya ndicho kilichonivutia zaidi. Hakugusa mipangilio ya Excel. Wengi, alinieleza, huruhusu makro zote kwa faili zote, na kuiacha mashine hivyo. Mwalimu anarudi Njoro na risiti yake, kisha mteja anayefuata anafungua ankara iliyotumwa na mtu asiyemjua. Mzee aliifungulia faili moja tu, ile aliyojua imetoka wapi.

Amri hukaa wapi

Tangu Windows 2000, Microsoft imekuwa na utaratibu unaoitwa Sera za Kikundi. Shabaha yake inaeleweka ukifika Naivasha, kwenye mashamba ya maua yenye ofisi, mabohari na vyumba vya baridi vilivyotawanyika. Msimamizi mmoja wa mitambo hawezi kuzunguka meza kwa meza. Anaandika amri mara moja kwenye seva: flashi zisisomeke, nywila iwe ndefu, skrini ijifunge baada ya dakika kumi. Kila kompyuta inakuja kuichukua.

Amri hizo hupangwa kwa tabaka. Kwanza husomwa za mashine yenyewe, halafu za kituo, halafu za domeini, na mwisho za kitengo alichomo mtumiaji au mashine. Zikigongana, kwa kawaida ya mwisho ndiyo hushinda. Kompyuta hurudi kuulizia mapya kila baada ya dakika 90, ikiongeza muda wa kubahatisha wa hadi dakika 30 ili mashine zote zisiivamie seva kwa mpigo.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapochafuliwa jina. Mtu anakuja na kipakatalishi cha ofisi kisichosoma flashi. Fundi anaingia kwenye rejistri, daftari la ndani ambamo Windows huandika mipangilio yake mingi, anabadilisha thamani moja, flashi inasomeka, analipwa. Wiki mbili baadaye msimamizi anaigusa sera ile kwa jambo jingine kabisa, au anailazimisha kwa amri ya gpupdate /force, na kizuizi kinarudi. Mteja anarudi naye amefura, akidai alilipia kazi ya bure.

Fundi hakumdanganya. Alifuta nakala ya amri, na amri yenyewe imebaki kwenye seva, kilomita sabini kutoka dukani kwake.

Kuna sura nyingine inayotatanisha zaidi. Toleo la Windows la nyumbani halina kabisa chombo cha kuhariri sera, lakini sera nyingi linazitii zikikutwa zimeandikwa kwenye rejistri. Ndiyo maana mwenye duka la mboga huko Kaptembwo anaweza kufungua kompyuta yake mwenyewe, aliyoinunua kwa pesa zake, akakuta ujumbe kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na shirika lake. Shirika gani? Hajaajiriwa na mtu.

Mara nyingi shirika hilo ni programu ya kuamsha Windows isiyo na leseni. Programu kama hizo huwa zinazima kinga ya Defender kwa kuandika sera, ili zisikamatwe. Kabla yake virusi vya flashi vilikuwa vikifanya vivyo hivyo: vinazima kidhibiti cha majukumu, vinafunga rejistri, vinaficha machaguo ya folda. Programu ya kuua virusi ikija baadaye, inamwondoa mwizi na kuacha kufuli zake mlangoni.

Namna ya kujua ukweli ipo, na haihitaji kununua chochote. Ukifungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika gpresult /h ukifuatisha jina la faili, Windows hukuandikia ripoti inayotaja kila sera iliyotumika na ile iliyoshinda. Ripoti ikiwa tupu na kufuli bado lipo, basi halikuletwa na Sera za Kikundi. Mara nyingi limeandikwa kwa mkono au na programu, na litapatikana kwenye rejistri, ndani ya folda zinazoitwa Policies. Kabla ya kufuta, hifadhi nakala ya sehemu hiyo. Nimewaona vijana wakifuta kwanza, kisha wakitafuta nakala.

Printa ya Septemba

Wenye saiba wa siku nyingi bado wanaikumbuka Septemba ya 2021. Kompyuta moja ina printa, nyingine nne zinachapia kupitia hiyo. Asubuhi moja zote nne zikaleta namba ileile: 0x0000011b.

Chanzo chake kilianzia miezi michache nyuma. Katikati ya mwaka huo huduma ya kuchapisha ya Windows iligunduliwa kuwa na tundu lililopewa jina la PrintNightmare. Agosti, Microsoft ikaamuru kwamba kuweka draiva ya printa kutoka mashine nyingine kuhitaji haki za msimamizi. Septemba ikaja kinga nyingine ya mawasiliano kati ya kompyuta na printa ya pamoja, na mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa kwa pamoja zikaacha kuelewana.

Suluhisho lililosambaa kwa WhatsApp lilikuwa thamani moja ya rejistri ya kuizima kinga hiyo, au kuliondoa sasisho na kufunga mlango wa masasisho yote. Printa zikaunguruma tena. Ilikuwa ni funika kombe mwanaharamu apite. Tatizo ni kwamba mwanaharamu alishapita zamani, na kombe bado limefunikwa: masasisho yaliyozimwa Septemba ile hayakuwashwa tena na mtu.

Gharama ya jambo hilo tulishaonyeshwa. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu la kushiriki faili. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo WannaCry ikaenea duniani kwa kupitia tundu lilelile, ikifunga faili za watu na kudai fidia. Mashine zilizokuwa zimesasishwa hazikupitika kwa tundu hilo.

Mambo yamejirudia kwa sura mpya. Windows 11 ya 24H2, iliyotoka Oktoba 2024, haikubali tena, kwenye toleo la Pro, kuingia folda ya pamoja isiyo na nywila. Ujumbe wake unasema sera za usalama za shirika lako zimezuia. Na kwa kuwa Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, saiba nyingi zinahamia huko, mashine moja moja, na kila inayohama inaacha kuziona zilizobaki. Jibu la haki ni kuipa folda mtumiaji na nywila, kazi ya robo saa. Jibu la haraka ni kurudisha mlango wazi. Najua ni lipi linalochaguliwa foleni ikiwa imefika kwa muuza mitumba.

Mitumba yenye mwenyewe

Vipakatalishi vingi vinavyouzwa mjini hapa ni vya mitumba, vile vinavyoitwa ex-UK. Vimetoka kwenye makampuni ya ng'ambo, vikasafishwa, vikaletwa. Vingi ni imara kuliko vipya vya bei hiyo.

Lakini kuna vilivyokuja bila talaka. Kampuni inaweza kuandikisha alama ya utambulisho ya mashine kwenye huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot. Muuzaji akifuta diski, usajili ule haufutiki, kwa kuwa hauko kwenye diski. Mnunuzi anatumia mashine miezi sita, siku moja anairudisha kwenye hali ya mwanzo, na skrini inamkaribisha kwa jina la kampuni ya Uingereza na kumdai barua pepe ya kazini.

Fomati haiponyi hili. Mwenye uwezo wa kuliondoa ni kampuni iliyoandikisha, na njia ya kuifikia ni muuzaji aliyeileta. Ushauri wangu kwa anayenunua ni huu: unganisha mashine na intaneti ukiwa bado dukani, iombe ianze upya kama mpya, na ungoje uone itamsalimu nani. Muuzaji mwaminifu hatakunyima saa hiyo moja.

Fundi na msimamizi

Ukizungumza na wasimamizi wa mitambo katika ofisi za eneo hili, watakwambia mafundi wa mtaani wanabomoa usiku kile ambacho wasimamizi wamejenga mchana. Kila kufuli lina historia: flashi moja yenye virusi, faili ya mishahara iliyotoka nje, karani aliyebofya kiungo. Wakilegeza kwa mmoja, wamelegeza kwa wote.

Mafundi nao wana neno, na ni la kweli. Kufuli zinafungwa bila maelezo. Mfanyakazi anaambiwa na skrini kwamba msimamizi amezuia, bila kuambiwa ni msimamizi yupi wala ampigie nani simu. Akiandika barua ya kuomba, jibu linachukua wiki, na ripoti inatakiwa jioni. Kwa hivyo anashuka mjini.

Kuna sheria katikati yao. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inakataza kuingia kwenye mfumo bila idhini, na fundi anayevunja kufuli za mashine ya mwajiri wa mtu anajiweka pabaya hata kama mbeba mashine amekubali. Ile ya Kulinda Data ya 2019 inamgusa pia: diski za saiba hizi zimejaa PIN za KRA na nakala za vitambulisho.

Nikiulizwa naegemea wapi, nitasema naanza kwa kuwalaumu wenye kufuli. Amri isiyo na jina la mwenyewe wala tarehe wala sababu inamfundisha mtu jambo moja tu, kwamba amri ni za kukwepwa. Ujumbe wa mstari mmoja wenye namba ya simu ya ofisini ungewarudisha wengi kutoka ngazi za Nakuru.

Wala si wanyonge pekee wanaokosea. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma faili moja ya mipangilio yenye kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows duniani zikaanguka. Ndege zilibaki chini. Kuziinua kulihitaji, kwa mashine nyingi, mtu kukaa mbele yake, kuiwasha katika hali salama na kuifuta faili hiyo kwa mkono.

Tarakimu 48

Katika mkasa huo wa CrowdStrike wengi walikwama mahali ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Egerton na Kabarak wanaanza kukwama sasa. Diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, na kuiingia kulihitaji ufunguo wa tarakimu 48.

Windows 11 mpya ikiwekwa kwa akaunti ya Microsoft huwasha ufungaji huo yenyewe kwenye mashine nyingi, na ufunguo hutumwa kwenye akaunti iliyotumika siku ya kwanza. Sasa fikiria akaunti hiyo ni ya nani. Duka lililoanzisha mashine kwa barua pepe yake ili kumharakisha mteja ndilo lenye ufunguo. Fundi akibadilisha mpangilio mmoja wa BIOS, skrini inakuwa ya samawati na kudai tarakimu 48, na mwenye tasnifu ya miaka miwili hajawahi kuzisikia.

> Fomati itafungua mashine. Tasnifu haitarudi.

Aliye na kompyuta inayofanya kazi leo anaweza kuutazama ufunguo wake kwenye ukurasa wa akaunti yake, auandike kwenye karatasi na kuuhifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa. Akiukosa huko, aende dukani aliponunua kabla halijahama.

Nilirudi kwa yule mzee mwezi Julai, foleni ikiwa imeisha. Kijana wa saiba alikuwa ameteremka na habari kwamba kompyuta ya kwanza inakataa kila tovuti, ikisema vyeti vyao si halali. Alishaandaa diski ya kuiwekea Windows upya.

Mzee alipanda ngazi taratibu, akavuta kiti, akatazama pembe ya chini kulia ya skrini. Ilionyesha Januari, mwaka wa 2015. Kompyuta iliyorudi nyuma kiasi hicho huona vyeti vya tovuti kuwa ni vya wakati ambao haujafika, hivyo huvikataa. Akazima umeme, akafungua kifuniko, akachomoa betri ya CR2032 isiyozidi ukubwa wa sarafu, akaweka nyingine aliyokuwa nayo mfukoni.

Wakati mashine inawaka alitoa daftari la mistari, lenye jalada lililochanika, akaandika tarehe, namba ya kompyuta, alichokuta na alichobadilisha. Kisha akamsukumia kijana kalamu aandike jina lake chini.